Mrejesho: Magari yanayokatiza mtaani kwetu, Njiro, Arusha

Niliuliza kama sisi wakazi tunaweza kuweka geti ili kuzuia magari yanayokatiza mtaani kwetu kukwepa foleni. Kwa ushauri wenu tulilifikisha suala hilo kwenye mkutano wa mtaa, ambako tulielezwa kuwa barabara hiyo ni ya umma, iko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na hakuna mkazi mwenye mamlaka ya kuifunga. Tukakubaliana kuomba matuta na kibao cha kuzuia malori, ingawa mama muuza ndizi wa pale kona alipinga kwa hoja ninayoiona ya haki: wapita njia hao ndio wateja wake. Bodaboda, nijuavyo, watayakwepa matuta kwa kupita ukingoni mwa mtaro, wanakotembea watoto wa shule; kwa hiyo tumeomba pia nguzo fupi za zege. Barua imegongwa muhuri, majibu bado.