UMITASHUMTA: mtoto yuleyule anaandikwa upya kila ngazi, na mipira inafika timu imeshatolewa!

Wakuu, mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi na leo nimechoka. Halmashauri yangu siitaji.

Kwenye UMITASHUMTA, yaani michezo ya shule za msingi nchini Tanzania, watoto wanaanza shuleni, wanakwenda kata, halmashauri, mkoa, hadi taifa. Ngazi hizo sina ugomvi nazo, ndiko vipaji vinakoonekana. Ugomvi wangu ni makaratasi. Kwenye kata naandika jina, tarehe ya kuzaliwa, darasa, namba ya PReM (namba ya utambulisho ya mwanafunzi), nabandika pasipoti, mwalimu mkuu anagonga muhuri. Mtoto akichaguliwa timu ya halmashauri, ile fomu haiendi naye. Naitwa nijaze nyingine, pasipoti nyingine, muhuri mwingine. Akienda mkoa, yaleyale. Picha analipa mzazi, kwenye elimu bila malipo, na mzazi asipokuwa nayo natoa mimi.

Namba ya PReM mtoto anayo tayari! Ndiyo inayomsajili kwenye mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani, ya darasa la nne na la saba. Orodha itolewe huko mara moja, mwalimu mkuu athibitishe, ipande hadi mkoani ikiwa ileile. Nikisema hivyo naambiwa fomu zinazuia mamluki (wachezaji wasio wa shule) na vijeba (waliozidi umri). Si kweli. Jina likiandikwa upya kwa mkono kila ngazi, kila ngazi kuna nafasi mpya ya kulibadilisha. Anayetaka kuingiza kijeba anaipenda sana hiyo karatasi.

Kuhusu mipira ndiyo kabisa. Ombi niliandika shule zilipofunguliwa Januari. Likapita kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata, likafika halmashauri, likarudishwa eti kiambatisho hakipo, likaanza safari upya. Mfumo wa NeST, ule wa manunuzi ya serikali mtandaoni, siulaumu hapa, ombi halikuwa limeufikia. Lilikuwa limelala kwenye trei za watu likisubiri saini ya mtu aliyekwenda semina. Mipira ilipokuja, timu ilikuwa imeshatolewa kwenye kata. Watoto walifanyia mazoezi mpira wa makaratasi, na wa netiboli walikuwa wanarushiana uleule.

Halafu siku ya mashindano ya kata gari linashusha wasimamizi. Mratibu, wajumbe wa kamati, mtu wa itifaki. Uwanjani hawana kazi, na posho wanasaini. Refa ni mwalimu mwenzangu aliyekuja kwa bodaboda ya nauli yake. Mtoto alipoteguka kifundo cha mguu hapakuwa hata na bandeji! Hilo ndilo lililonifanya nije kuandika humu.

Msiniambie haiwezekani. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza 5S-KAIZEN, mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi na kuboresha kazi hatua kwa hatua, mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani, na hospitali nyingine zikafuata. Wakapanga stoo, wakaweka kila kitu mahali panapojulikana, wakaanza kuondoa hatua zisizomsaidia mgonjwa. Wodi yenye foleni ya wagonjwa imeweza, ofisi ya michezo inashindwa nini?

Afisa michezo yeyote aliyemo humu anijibu mambo mawili. Saini ya pili kwenye ombi la mpira inakagua nini ambacho ya kwanza haikukagua? Na fedha ya posho ya msimamizi mmoja asiye na kazi, kwa nini isinunue sanduku la huduma ya kwanza la kata nzima kabla ya mashindano yajayo?