Msimamizi wa mirathi si mrithi, na mahakamani hakuna aliyemwambia mama yangu hivyo

Ndugu wanajukwaa, naandika kwa hasira niliyoibeba miaka mitatu, tangu baba mdogo aliporudi kutoka Mahakama ya Mwanzo na Fomu Namba Nne, yaani karatasi ya kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akaiweka mezani mbele ya mama na kutamka kwamba mahakama imemkabidhi mali ya marehemu kaka yake. Hakusema uongo mtupu. Alikabidhiwa kweli, lakini ili aikusanye, alipe madeni, kisha awagawie warithi kinachobaki. Na kwa kuwa kwetu aliyekabidhiwa kitu mbele ya hakimu huhesabiwa kuwa mwenye nacho, hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kikao cha ukoo kilichompendekeza ndicho kilichonyamaza alipouza kiwanja cha kwanza.

Baba mdogo tutamalizana naye. Wanaonichoma moyo ni wale wa dirishani pale mahakamani. Mama alikwenda mara nne kuulizia, na mara zote nne alipewa jibu moja: "Mirathi bado haijafungwa, mama." Alirudi nyumbani akiwa na matumaini, maana kwake kisichofungwa kiko wazi, na kilicho wazi mtu anaweza kuingia. Kumbe maana yake ilikuwa kwamba msimamizi hajawasilisha hesabu na shauri limelala. Karani angemweleza tu kwamba kanuni zinampa msimamizi miezi minne tangu ateuliwe, au muda zaidi mahakama ikiridhia, awasilishe Fomu Namba Tano, yaani orodha ya mali yote na madeni yote ya marehemu, na kwamba hesabu hufuata kwa Fomu Namba Sita, mama angejua siku ile ile adai nini.

Sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, mimi nilishangilia. Sikujua kwamba kuna Kiswahili kingine huko ndani. Mtaani "mirathi" ni fungu la mtu. Mahakamani ni shauri zima, madeni yakiwemo. Mtaani ukisikia watu "wamefungua mirathi" unajua wanagawana. Mahakamani wamepeleka maombi tu, na hata shilingi moja haijaguswa. Mama anasoma Kiswahili tangu kabla sijazaliwa (Biblia yake imechakaa kwa kusomwa), lakini karatasi ile ilimshinda, naye akaona aibu kuuliza mara ya tano.

Viwanja viwili vimekwisha kuuzwa. Fomu Namba Tano haimo kwenye jalada, nimelipekua mwenyewe.

Tunajiandaa kuomba uteuzi wa baba mdogo utenguliwe. Kwa aliyewahi kupita njia hiyo: je, mahakama ilimlazimisha kwanza msimamizi wa zamani atoe hesabu, au iliteua mwingine na kuwaachia ninyi wenyewe kazi ya kuwafuata wanunuzi?