Kuomba ushauri: Je, mzoefu wa midahalo anafaa kusomea Uhusiano wa Umma?

Mzungumzaji wa Kwanza:
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HKL, na matokeo yangu ni C ya Historia, B ya Kiswahili na D ya Kiingereza. Shuleni nilikuwa mzungumzaji mkuu katika midahalo, nimesoma risala mbele ya wageni rasmi, na karibu kila anayenisikia hunishauri nikasomee uhusiano wa umma. Baba mdogo, ambaye ndiye atakayechangia ada iwapo mkopo hautatosha, anaona kwamba hiyo ni kozi ya kujifunza kushika maiki harusini, na angependa niende ualimu.

Naomba kufahamishwa mambo matatu. Je, hapa Tanzania ipo shahada ya sanaa ya kuzungumza peke yake, kama nisikiavyo kwamba ipo Marekani? Kuna tofauti gani kati ya Uhusiano wa Umma na Matangazo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Uhusiano wa Umma na Masoko ya SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino)? Na je, kipaji cha kuzungumza kinatosha kuwa sababu ya kuchagua kozi hizi?

Mama Taarifa:
Marahaba mwanangu. Nitajibu swali la tatu, kwa kuwa ni afisa uhusiano katika mamlaka moja ya maji na hiyo ndiyo sehemu ninayoifahamu vizuri.

Kipaji cha kuzungumza ni kizuri, lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni kuuliza na kuandika. Chukua usiku ambao pampu imeharibika. Mhandisi anakupigia simu na kusema kwamba kuna hitilafu kwenye mfumo wa umeme wa mitambo. Sentensi hiyo huwezi kuitoa kwa wananchi kama ilivyo, kwa hiyo unamuuliza ni mitaa ipi itakayokosa maji, tangu saa ngapi, na yatarudi lini. Yeye anakujibu, "Tutaona." Hapo inakubidi umbane kwa adabu mpaka akupe muda anaoweza kuusimamia, kwa sababu ukiandika saa 12 asubuhi na maji yakatoka saa 10 jioni, taarifa yako ya mwezi ujao haitaaminiwa na mtu. Ukishaandika, rasimu inakwenda kwa mkurugenzi, naye anaongeza aya nzima ya kueleza mafanikio ya mamlaka, nawe unatakiwa umshawishi aiondoe, kwani aliyeshika ndoo tupu hataki kusoma habari za mafanikio. Wakati huohuo, kwenye makundi ya WhatsApp kuna mtu ameshaandika kwamba maji yamefungwa kwa kuwa yamechafuliwa, na hilo nalo linahitaji jibu kabla hakujapambazuka.

Katika yote hayo hujasimama mbele ya hadhira hata mara moja. Mkutano na waandishi wa habari ukiitishwa, mara nyingi anayezungumza ni mkurugenzi, na maneno anayosoma umeyaandika wewe. Ikiwa hilo linakuvutia, njoo. Ikiwa unachokipenda ni makofi, utachoka mapema.

Kibatari:
Tusimdharau mshika maiki wa harusini. Nawafahamu wanaolipwa kwa Jumamosi moja fedha ambayo afisa wa halmashauri huisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Baba mdogo angelikumbuka hilo pia.

Mkufunzi wa Zamani:
Nimefundisha masomo ya mawasiliano kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu maswali mawili ya mwanzo.

Nchini Marekani, walimu wa sanaa ya kuzungumza mbele ya hadhira walijitenga na walimu wa lugha ya Kiingereza mwaka 1914 wakaunda chama chao, na tangu hapo somo hilo likakua hadi kuwa na idara zake vyuoni. Huku kwetu historia haikwenda hivyo. Uzungumzaji unafundishwa kama somo moja ndani ya shahada nyingine, na karibu kila mwanafunzi wa chuo kikuu hukutana na stadi za mawasiliano katika mwaka wa kwanza, hata anayesomea uhandisi. Usiupoteze muda wako kuitafuta shahada ya kuzungumza peke yake.

Kuhusu vyuo viwili ulivyovitaja, majina yenyewe yanakuonyesha uzito wa kila upande ulipo. Kozi iliyofungamanishwa na matangazo, yaani matangazo ya biashara, inakaa karibu na vyombo vya habari, na Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma pale Dar es Salaam inavyo vyombo vya kufanyia mazoezi, ikiwamo redio na televisheni za Mlimani. Kozi iliyofungamanishwa na masoko inakusogeza kwenye biashara, yaani tabia za wateja, bei na mauzo, ingawa SAUT nao wanayo redio yao pale Mwanza. Hata hivyo, usiamue kwa jina. Omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, kisha uhesabu ni masomo mangapi yanayokutaka uandike, mangapi ni ya utafiti, na mafunzo kwa vitendo yanachukua wiki ngapi. Mwanafunzi asiyejua kuandaa dodoso na kusoma majibu yake hana namna ya kumweleza mwajiri kwamba kampeni yake imefanya kazi.

Naongezea mfano mmoja kuunga mkono maneno ya Mama Taarifa. Mwaka 1906, treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City na watu wengi wakafa. Desturi ya makampuni ya reli wakati huo ilikuwa kuficha habari za ajali. Ivy Lee, aliyekuwa mshauri wa kampuni hiyo, aliwaandikia waandishi wa habari taarifa ya tukio na kuwawezesha kufika penye ajali. Taarifa ile ndiyo inayotajwa mara kwa mara kama ya kwanza ya aina yake, na umaarufu wake haukutokana na sauti ya Lee.

Mpekuzi wa Ajira:
Mdogo wangu, fungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome matangazo ya nafasi za Afisa Habari na Afisa Uhusiano. Utaona kwamba uandishi wa habari, uhusiano wa umma na mawasiliano ya umma mara nyingi huwekwa katika tangazo moja, kwa hiyo utashindana na wahitimu wa kozi zote hizo. Kinachowatenganisha kwenye usaili ni kazi walizokwisha kufanya. Mchapishie baba mdogo matangazo mawili matatu, ayaone kwa macho yake. Kuhusu mkopo, jazeni fomu za HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, mapema, lakini msipange bajeti kana kwamba mmekwisha kupewa asilimia zote.

Mzungumzaji wa Kwanza:
Nashukuru sana. Naona D ya Kiingereza haijaguswa na mtu. Je, itanizuia? Na maombi napeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu)?

Mama Taarifa:
Haitakuzuia kufanya kazi, lakini itakusumbua usipoishughulikia, kwa sababu ripoti za wafadhili na za bodi mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Anza sasa: kila juma chukua taarifa moja ya Kiswahili iliyotolewa na wizara au halmashauri, ipunguze ibaki nusu bila kupoteza tarehe, mahali wala hatua inayotakiwa kuchukuliwa, kisha iandike kwa Kiingereza. Mpe mtu akusahihishe kwa kalamu nyekundu.

Mkufunzi wa Zamani:
Kiwango cha chini cha TCU kwa wahitimu wa kidato cha sita ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. B ina pointi 4 na C ina 3, kwa hiyo Kiswahili na Historia peke yake vinakupa 7, na hapo umevuka. Kila kozi, hata hivyo, inaweza kuweka masharti yake, hasa kuhusu Kiingereza, na masharti hayo yameandikwa katika kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka husika, mkabala na jina la kozi.

Maombi hayapelekwi TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, na kila chuo kina mfumo wake na ada yake ya maombi. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja tu kabla ya tarehe ya mwisho, kwa namba ya siri utakayotumiwa kwenye simu. Tumia namba yako mwenyewe, usitumie ya wakala wa steshenari.