Tupeane uzoefu: uliwahi kukaimu nafasi ya mkubwa wako? Ilikuwaje?

Mwalimu wa Chumbageni
Habari zenu wakuu. Nimefundisha hapa Tanga miaka kumi na tisa, mitano nikiwa makamu mkuu wa shule. Nalileta hili kwa sababu watu wengi wanadhani kukaimu ni kama kumshikia mwenzio kikapu sokoni.

Mwaka mmoja mkuu wangu aliitwa Dodoma, semina ya wiki moja. Aliniaga getini, kioo cha gari kimeshushwa: "Mwalimu, shule hiyo." Barua hakuna. Semina ikazaa kazi nyingine, wiki moja ikawa tatu. Siku ya tisa stoo ilibaki maharage ya siku mbili, na watoto wa bweni walikuwa zaidi ya mia mbili. Mzabuni anataka hundi, na benki sahihi yangu haimo. Nikaenda dukani kwake, nikakaa juu ya gunia, nikamwomba kwa jina langu na si la shule. Akanipa magunia sita ya mahindi na mawili ya maharage, deni likaandikwa kwangu. Usingizi ulinipaa mpaka mkuu aliporudi. Swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini nimekopa bila ruhusa yake.

Sikumjibu. Lakini tangu siku ile mkubwa haondoki kabla hajaniandikia: nakaimu mpaka lini, nani anasaini fedha, na lipi nisiliguse mpaka arudi. Wapo walioona namdai mtu mzima vyeti. Sijaacha.

Wenzangu yaliwakuta yapi?

Baharia wa Sahare
Shikamoo mwalimu. Chomboni barua haipo. Nilikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia chini ya nahodha, kwenye jahazi la mizigo, Tanga na Pemba. Usiku mmoja, kusi limechachamaa, nahodha akashikwa na homa, tukamlaza kule shetri, nyuma ya chombo. Akaniambia, "Shika wewe." Nikaamuru tutue tanga kubwa tupandishe dogo. Mabaharia sita, hakuna aliyenyanyuka. Wote macho kwa nahodha, wanasubiri atikise kichwa. Hawakunidharau, sinia letu lilikuwa moja. Ni mazoea tu, miaka yote amri ilitoka kwake.

Nahodha akavuta shuka akajifunika mpaka usoni. Sikuwahi kumuuliza, lakini naamini alifanya makusudi. Walipokosa uso wa kutazama, wakanigeukia mimi. Tanga likatuliwa. Alfajiri tulikuwa Wete.

Mwalimu wa Chumbageni
Marahaba. Hilo shuka nimelielewa sana. Mkuu wangu mwingine alikuwa safarini huku anawapigia simu walimu mmoja mmoja kuuliza nimeamua nini. Ukikaimu chini ya mtu wa hivyo, hakuna atakayekusikia.

Muuguzi, Mwambani
Mimi nilikaimu umfawidhi wa zahanati miezi kumi na moja. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 hazikusudii mtu akaimu nafasi iliyo wazi zaidi ya miezi sita. Posho niliihangaikia, lakini si hiyo iliyoniumiza. Kila nikipeleka jambo naambiwa, "Tusubiri mfawidhi aje." Paa la chumba cha kujifungulia lilivuja masika nzima kwa kumsubiri mtu ambaye hata hajateuliwa.

Kijana wa Chuda
Samahani wakubwa, makamu na kaimu si kitu kimoja?

Mwalimu wa Chumbageni
Hapana, mwanangu. Makamu ni cheo, na naibu vilevile. Unacho hata mkubwa akiwa mezani pake. Kaimu ni wa muda, na asili ya neno ni Kiarabu, mwenye kusimama: anasimama mahali pa mwingine. Kumbuka Machi 2021. Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alikuwa na ziara huku kwetu mkoani Tanga siku zilezile Rais Magufuli alipofariki, tarehe 17. Tarehe 19 akaapishwa. Hakukaimu. Ibara ya 37 ya Katiba inasema Rais akifariki, Makamu anaapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki. Rais akiwa nje ya nchi tu ni habari nyingine, hapo kazi zinashikwa mpaka arudi.

Mzee wa Ngamiani
Mmeacha jambo zito kuliko yote, nikaha. Binti yangu aliolewa mimi nimelazwa Bombo. Nilimwita mdogo wangu kitandani, mashahidi wawili wapo, nikamwambia: nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu kwa kijana huyu, kwa mahari hii, taslimu. Nikataja kila kitu, kwa sababu wakili anatenda katika yale aliyowakilishwa, hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza.

Ijumaa baada ya Alasiri, msikiti umejaa, upande wa bwana harusi wakaomba nusu ya mahari iwe deni. Jambo dogo, na kila mtu alijua nitakubali. Mdogo wangu akasema, "Hilo sikupewa." Akatoka nje kunipigia simu, kumbe simu yangu imezima chaji. Akapanda bodaboda mpaka wodini, watu wanamsubiri na wengine wananung'unika. Nikaridhia mbele ya mashahidi wale wale, akarudi, akaozesha.

Jioni alikuja tena, bado amevaa kanzu, ana halua kwenye karatasi. Nilimbusu mkono, na yeye ndiye mdogo.