Nimeacha pombe, mikono inatetemeka, nisaidieni

Mleta mada: Wakuu mi nilianza na viroba kabla havijapigwa marufuku 2017 nikahamia chupa kubwa, nimekata ghafla leo siku ya pili natetemeka jasho usingizi hamna, waifu kasema nikirudia anaenda kwao. Mliotoka mlifanyaje?

Mdau 1: Mkuu hiyo arosto usiichukulie poa, mnywaji wa kila siku akikata ghafla anaweza kuanguka kifafa au kuona vitu ambavyo havipo. Nenda hospitali leo, taja kiasi unachokunywa kweli, mi niliona aibu nikadanganya nusura nife.

Mdau 2: Ukitoka huko tafuta kikao cha AA (Alcoholics Anonymous, kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe), hakuna kiingilio. Na ile njia inayopita baa iache kabisa.

Mleta mada: Asanteni, bro anakuja na boda anipeleke.