Watoto wachanga waliolazwa kwa mafua makali: tupeane uzoefu

Mama Tumaini: Habari zenu. Jana jirani alisema kwamba mafua hayamlazi mtoto hospitalini, nikaikumbuka wodi ya watoto kule Njombe, Julai yenye baridi, binti yangu akiwa na miezi minne na pua imeziba kiasi kwamba kila akishika titi analiachia ili avute pumzi. Kulipokucha mbavu zilikuwa zinabonyea, na kipimo cha kidoleni kilisoma oksijeni chini ya 90, akawekewa mpira wa puani. Mliopitia haya, ilikuwaje?

Baba Kulwa: Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa tulilala kinamama wawili na baba mmoja kwenye kitanda kimoja.

Bibi Mzaa Chema: Wanangu, kikohozi kisichokoma ni kilimeo. Mpelekeni mtoto kwa fundi akatwe.

Nesi Mstaafu: Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, hapo sikubali, kwa sababu nimewapokea waliokatwa wakiwa wamepungukiwa damu, na kilichowabana kilikuwa mapafuni, wala si kooni.

Bibi Mzaa Chema: Marahaba. Nimelea tisa, wote walikatwa na wote wazima.

Mwalimu wa Zamu: Bibi, huenda walipona licha ya kukatwa.

Mvukaji: Kilimeo kisubiri kidogo. Wangu alikuwa hajatimiza miezi miwili, aliambukizwa na kaka yake aliyetoka shuleni na mafua. Hakuwa na homa kubwa, alilala tu mno, nasi tukasema afadhali amepumzika. Usiku tukaamua kumvusha kutoka Kigamboni, na pantoni ilipofika katikati ya maji mke wangu akaniambia kwamba mtoto hapumui. Midomo ilikuwa imegeuka bluu. Abiria mmoja, mama wa makamo, alimchukua, akamsugua mgongo na kumpigapiga nyayo mpaka akavuta pumzi, akasita, akavuta nyingine. Hakumrudisha hadi Magogoni, na kila pumzi ilipokatika alimgusa nyayo tena. Daktari alitueleza kwamba kichanga wa umri ule anaweza kuacha kupumua hata kama hakohoi sana.

Mama Tumaini: Mungu mkubwa! Huyo mama mlimpata tena?

Mvukaji: Hapana, alipotelea katika umati wa kushuka.

Baba Kulwa: Lakini si wote huchomwa sindano ya nimonia kliniki?

Nesi Mstaafu: Ile huzuia bakteria, si kirusi cha mafua. Chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya kliniki zetu, na haitolewi kabla ya miezi sita. Ndiyo maana hufaa mama achanjwe akiwa mjamzito, kinga impitie mtoto.

Shangazi Mkali: Mimi nampa asali na limao, basi.

Nesi Mstaafu: Asali kabla ya mwaka mmoja ni hatari, shangazi.

Mwalimu wa Zamu: Dawa ni kuwakataza wageni kumbusu mtoto. Nilibandika tangazo mlangoni, na shemeji hajanisemesha tangu Pasaka.

Mama Tumaini: Nesi, tutajuaje kwamba anapumua haraka kupita kiasi?

Nesi Mstaafu: Chini ya miezi miwili ni pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kuanzia hapo hadi mwaka mmoja ni 50.

Baba Kulwa: Naweza kuhesabu nusu dakika nikazidisha?

Nesi Mstaafu: Hesabu dakika nzima, kwa kuwa pumzi za kichanga hazina mpangilio. Ukiona mbavu zinabonyea, usihesabu, ondoka naye.