Naomba ushauri: nimekanyaga msumari, ninunue vidonge gani?

Korosho Kavu (Tandahimba): Wanajamvi, habari za leo. Wiki iliyopita nilikanyaga ubao wenye msumari wa kutu ghalani, ukazama unyayoni. Kidonda kimeshafunga kwa juu, ila nina wasiwasi kidogo. Naomba mnitajie antibayotiki ya kununua duka la dawa, kwa kuwa keshokutwa kuna mnada na siwezi kukosekana.

Binti Mikindani: Pole, kaka. Vidonge tuviache kwanza: ulikisafisha kwa kitu gani, na chanjo ya pepopunda ulichomwa lini?

Mzee wa Pwani: Vijana hamtaki viatu, kisha mnalia mtandaoni. Mimi nilichomwa na mwiba wa samaki pale Msangamkuu, nikakamulia ndimu, na hadi leo natembea.

Korosho Kavu: Shikamoo, mzee. Nilijaza udongo wa kichuguu uliochanganywa na ugoro, nikafunga plasta. Bibi alitutibu hivyo sote, wala hakuna aliyekufa. Chanjo siikumbuki.

Tabibu Mstaafu: Kutu mnaionea bure. Bakteria wa pepopunda, *Clostridium tetani*, hukaa udongoni na kwenye samadi katika hali ya mbegu ngumu inayostahimili ukame na joto kwa miaka. Oksijeni humzuia kukua, hivyo tundu jembamba lililozibwa kwa udongo humfaa mno: mbegu huchipua, bakteria huongezeka na kuanza kutoa sumu. Wenyewe hubaki palepale kidondani. Kinachosafiri ni sumu, ambayo hupanda na neva hadi kwenye uti wa mgongo na kuzima ishara zinazoilegeza misuli. Ndiyo maana misuli hukaza, mara nyingi ikianzia tayani, kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha. Antibayotiki huua bakteria, lakini haiing'oi sumu iliyokwisha kushika neva. Taya lako likoje?

Korosho Kavu: Tangu jana kutafuna kunanipa shida, lakini upande huo nina jino bovu, kwa hiyo tusilikuze jambo.

Msema Kweli wa Masasi: Mimi hapa nasita. Taya limefichwa hadi lilipoulizwa, na jino bovu nalo limejitokeza kwa wakati wake. Huyu ni mwanafunzi anayetafutiwa majibu ya zoezi la baiolojia.

Mama Wawili: Mimi nilichanjwa kliniki nikiwa mjamzito, ila baba watoto hajagusa sindano hiyo tangu awe mtu mzima. Uzi huu nausoma kwa sauti ili asikie.

Tabibu Mstaafu: Hata ikiwa ni hadithi, mwenye taya la namna hiyo awe hospitalini leo hii, si mnadani keshokutwa. Huko hupewa kingamwili za kuidhibiti sumu ambayo bado haijashika neva, na chanjo pia, kwa sababu hata aliyeugua pepopunda akapona hapati kinga kutokana na ugonjwa wenyewe.

Korosho Kavu: Mimi si mwanafunzi; nina watoto wanaoisoma hiyo baiolojia. Magunia yameshapimwa, na mnada haumsubiri mtu. Hata hivyo, shemeji amefika na bodaboda. Nikifika niseme nini?

Tabibu Mstaafu: Taja siku ya jeraha, udongo na ugoro, na taya. La jino liweke mwisho.